Tiba kwa Vitendo: Taaluma Inayomwandaa Mtoto Mdogo Kuimudu Siku Yake

Kila mwaka msimu wa uandikishaji wa darasa la awali unapowadia, walimu wakuu wa shule zetu hupokea wazazi wa aina mbili. Wa kwanza huja amemshika mtoto mkono, cheti cha kuzaliwa kikiwa ndani ya bahasha. Wa pili huja peke yake. Husubiri watu wapungue, kisha huuliza kwa sauti ya chini iwapo shule inapokea mtoto ambaye bado hajaweza kujilisha, au ambaye hajui kuaga anapotaka kwenda chooni, au ambaye hawezi kukaa na wenzake bila kuziba masikio na kulia. Mtoto mwenyewe amebaki nyumbani na bibi yake, mlango umerudishiwa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mzazi huyo wa pili. Yameandikwa pia kwa kijana wa halmashauri yetu aliyefaulu masomo ya sayansi na ambaye, anapoulizwa anataka kusomea nini, hujua kutaja udaktari, uuguzi na ufamasia peke yake. Wawili hawa hawafahamiani, lakini wanahitajiana. Kinachowaunganisha ni taaluma isiyosikika sana katika vijiji vyetu, nayo ni tiba kwa vitendo.

Taaluma hii ni ipi?

Tiba kwa vitendo ni fani ya afya inayomsaidia mtu kuzifanya shughuli za maisha yake ya kila siku pale ugonjwa, ajali au ulemavu unapomzuia. Mtaalamu wake huitwa mtoa tiba kwa vitendo. Jina hilo limebeba maana ya kazi yenyewe, kwa kuwa hapa kitendo ndicho dawa. Mtu aliyepooza mkono hufundishwa tena kukanda unga kwa kukanda unga, na mtoto ambaye vidole vyake havijakaza hufundishwa kufunga vifungo kwa kufunga vifungo.

Wengi huichanganya na fiziotherapia, na si ajabu, kwani wataalamu hao wawili mara nyingi hufanya kazi katika jengo moja na kumhudumia mgonjwa mmoja. Kwa ufupi, mtaalamu wa fiziotherapia huangalia zaidi mwili unavyojongea: nguvu za misuli, unyumbufu wa viungo, kusimama na kutembea. Mtoa tiba kwa vitendo huuliza swali jingine: mtu huyu anahitaji kufanya nini tangu anapoamka hadi anapolala, na ni kitu gani kinachomzuia? Huenda kikwazo kikawa misuli. Huenda pia kikawa kimo cha meza, umbo la kijiko, kelele za darasa, au mazoea ya watu wa nyumbani kumfanyia kila kitu.

Fani hii ilipata sura ya kitaaluma mwanzoni mwa karne ya 20. Machi 1917, katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York nchini Marekani, watu wachache walikutana na kuunda chama cha kwanza cha taaluma hiyo. Miongoni mwao walikuwamo Eleanor Clarke Slagle, na George Barton, msanifu majengo aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili na kurejesha uwezo wake kwa kujishughulisha na kazi za mikono. Baada ya Vita Kuu mbili za Dunia, askari walioumia walihitaji kurudi katika maisha ya uraia, na fani ikaenea. Shirikisho lake la dunia liliundwa mwaka 1952. Hapa Tanzania, mafunzo yake yamekuwa yakitolewa kwa miaka mingi mjini Moshi, katika taasisi za KCMC.

Asubuhi moja katika chumba cha tiba

Ili kuandika makala haya, mwandishi wenu aliruhusiwa kuketi pembeni kwa asubuhi moja katika chumba cha tiba kwa vitendo cha hospitali moja ya rufaa. Kwa kulinda faragha ya familia, hatutaji majina wala mahali.

Chumba kilikuwa na mkeka mnene, kioo kirefu kilichofika sakafuni, meza ya chini na kikapu cha vitu ambavyo mtu angedhani ni takataka: vizibo vya chupa, vibanio vya nguo, sponji, magunzi ya mahindi. Mtoto wa kiume wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo aliletwa na mama yake. Mama alizoea kumpakata na kumlisha uji huku kichwa cha mtoto kimelalia mkono wake.

Mtaalamu hakuanza na mtoto. Alianza na kiti. Alimketisha mtoto mpaka nyonga zikafika nyuma kabisa ya kiti, akaweka kibao chini ya miguu ili nyayo zisining'inie, akasogeza meza hadi ikalingana na viwiko. Bakuli la uji aliliweka juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze. Kijiko kilikuwa cha kawaida, ila mpini wake ulikuwa umezungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli mpaka ukanenepa, kwa sababu mkono usiokunjuka vizuri hushika kitu kinene kwa urahisi zaidi kuliko chembamba. Kisha akaushika mkono wa mtoto, akauongoza mara mbili kutoka bakulini hadi kinywani, na akauachia.

Uji ulimwagikia shati. Mara ya pili ukamwagikia meza. Mkono wa mama ulikuwa ukiinuka kila mara kukichukua kijiko.

"Mama, mpe nafasi kidogo," mtaalamu alisema kwa upole. "Mkono wako upumzike."

Mara ya nne kijiko kilifika mdomoni kikiwa na uji nusu. Mtoto alijitazama kwenye kioo, akacheka. Mama hakucheka. Alifuta uso kwa ncha ya khanga na kusema, "Miaka minne nimemlisha mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba anaweza kufundishwa."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Mtindio wa ubongo hutokana na hitilafu katika ubongo unaokua, iliyotokea kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Hauambukizi, hautokani na laana, na hakuna dawa ya kuuondoa. Mtaalamu yule hakumponya mtoto, wala hakuahidi kumponya. Alichompa ni kijiko chake mwenyewe. Kwa mtoto anayetarajiwa kuingia darasa la awali, ambako mwalimu mmoja ana watoto wengi na uji wa shule hugawiwa kwa muda mfupi, kijiko hicho kinaweza kuamua kama atabaki shuleni au atarudishwa nyumbani.

Kwa nini miaka ya mwanzo?

Ubongo wa mtoto hukua na kujipanga kwa kasi kubwa katika miaka yake ya mwanzo, na hujifunza kwa kutumika. Mkono usiotumika husahauliwa, na viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Vilevile mtoto aliyezoea kufanyiwa kila kitu hujifunza kutojaribu, na mazoea hayo huwa magumu kuyavunja baadaye kuliko udhaifu wa misuli. Huduma inayoanza mapema hukuta mlango uko wazi.

Wataalamu wa fani hii husema kwamba kazi ya mtoto ni kucheza, na hawasemi hivyo kwa mzaha. Mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo anaimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Anayejipikilisha kwa vifuu anajifunza kupanga hatua moja baada ya nyingine. Anayecheza na wenzake anajifunza kungoja zamu. Kwa hiyo mtoa tiba kwa vitendo huusoma mchezo kama daktari anavyosoma kipimo. Hutazama mtoto anatumia mikono yote miwili au mmoja, anageuka akiitwa, anachoka baada ya muda gani, anaogopa kugusa nini. Kisha hutunga mchezo unaodai kidogo zaidi ya kile ambacho mtoto tayari anakiweza.

Wanaonufaika ni wengi. Wamo watoto wenye mtindio wa ubongo, na wenye usonji, ambao baadhi yao husumbuliwa na sauti, mwanga au mguso wa nguo kuliko wenzao na huhitaji ratiba ya siku inayotabirika. Wamo wenye sindromu ya Down, wanaochelewa kukaza misuli na kujihudumia, pamoja na waliozaliwa na mgongo wazi, walioungua moto, na waliovunjika mikono. Wamo pia watoto ambao hawana jina la ugonjwa wowote, ila kila mwalimu huwaona: hawawezi kushika penseli, huanguka mara kwa mara, hushindwa kuvaa sare bila msaada wakati wenzao wamekwisha toka nje.

Dalili za kutopuuzwa

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Hata hivyo, mzazi asingoje iwapo ataona mojawapo ya haya:

• Mtoto hajaweza kuketi bila kuegemezwa afikapo miezi 9, au hajatembea afikapo miezi 18.
• Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja ngumi. Watoto wa umri huo kwa kawaida hutumia mikono yote miwili, hivyo kuonekana ana "mkono wa kulia" mapema mno ni dalili ya kuchunguzwa.
• Anapaliwa mara kwa mara anapokula, au hutumia muda mrefu mno kumaliza chakula kidogo.
• Mwili wake ni mlegevu sana au umekakamaa sana anapobebwa au kuvalishwa.
• Haitiki akiitwa jina, hamtazami mtu, au amepoteza uwezo aliokuwa nao, kama vile maneno aliyokwisha kuyasema.
• Amefika miaka minne na hawezi kabisa kujaribu kuvaa, kujilisha wala kucheza na watoto wengine.

Neno "atakua tu" limewachelewesha watoto wengi. Linasemwa kwa nia njema, na majirani, na ndugu, na wakati mwingine hata na watu waliopaswa kutoa rufaa. Mzazi anayeona tofauti kwa mtoto wake ana haki ya kusema: naomba apimwe.

Njia ya kuifikia huduma

Ni vema tuseme ukweli kwamba wataalamu hawa hawapatikani katika kila zahanati au kituo cha afya. Kwa sehemu kubwa wako katika hospitali za rufaa na katika taasisi maalumu kama CCBRT ya Dar es Salaam. Kwa hiyo safari ya mtoto huanzia karibu na nyumbani. Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mlango wa kwanza. Beba kadi ya mtoto, mweleze muuguzi kile unachokiona kwa vitendo, kwa mfano "hawezi kushika kikombe," badala ya kusema tu kwamba mtoto ni dhaifu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chako anaweza kukusindikiza. Kituo kikiona haja, kitakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na kuendelea. Familia isiyomudu gharama ionane na Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kukata tamaa.

Sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kupata elimu na huduma za afya. Hakuna shule ya umma inayopaswa kumrudisha mtoto mlangoni kwa kuwa hawezi kushika penseli.

Wakati mzazi anasubiri miadi, yapo anayoweza kuyaanza nyumbani. Mketishe mtoto wima anapokula, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo. Usimlishe akiwa amelala chali, kwani chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Unapomvalisha shati, vuta mpaka karibu na mwisho, kisha mwachie amalizie kulishusha mwenyewe. Siku zijazo mwachie hatua mbili, halafu tatu. Mtoto anayemalizia kazi hupata furaha ya kuikamilisha, na furaha hiyo humrudisha kesho. Mpe unga akande, maharage ayachambue ukiwa karibu naye ili asiyaingize puani au masikioni, nguo ndogo azikamue. Kipande cha mkaa na sakafu ni daftari la kutosha: watoto wengi huweza kuchora duara wakiwa na miaka mitatu hivi, na alama ya msalaba wakiwa na minne.

Vifaa navyo si lazima vitoke ng'ambo. Fundi seremala wa kijiji akipewa vipimo sahihi hutengeneza kiti cha pembeni kinachomshikilia mtoto asiyeweza kuketi. Ipo pia mbinu iliyoanzia Zimbabwe ya kutengeneza viti na meza imara kwa makaratasi na maboksi yaliyobandikwa kwa gundi ya unga. Muhimu ni vipimo, na vipimo hutolewa na mtaalamu, kwa kuwa kiti kisichomfaa mtoto kinaweza kumwongezea ulemavu.

Kwa kijana anayetafuta fani

Sasa tumgeukie kijana. Anayetaka kusomea stashahada ya tiba kwa vitendo anahitaji msingi wa masomo ya sayansi katika kidato cha nne, hasa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Vigezo vya kila mwaka hutolewa katika mwongozo wa udahili wa NACTVET, na ni busara kuusoma mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya mitaani. Stashahada huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi hujifunza muundo wa mwili, mfumo wa fahamu, saikolojia, makuzi ya mtoto, magonjwa, na utengenezaji wa vifaa saidizi. Viwango vya shirikisho la dunia vinadai mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi kabla ya kuhitimu, kwa sababu hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu kumshika mtoto anayeogopa kushikwa.

Kuhusu ada, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Wazazi wanaodhani mikopo ni ya vyuo vikuu peke yake wafuatilie jambo hili mapema.

Mhitimu anaweza kufanya kazi katika hospitali, katika shule na vitengo vya elimu maalumu, katika vituo vya utengamao, au katika mashirika yanayohudumia watoto wenye ulemavu. Anayechagua watoto wadogo huchagua tawi lenye sura yake. Atafanya kazi akiwa ameketi chini sakafuni. Atafinyangiwa udongo kwenye nguo na kutapikiwa uji. Atamtembelea mtoto nyumbani, aone choo kilivyo, kitanda kilivyo, na nani hasa anayeshinda naye mchana kutwa. Maana mpango wa tiba usiomhusisha bibi anayelea mtoto ni mpango wa karatasini.

Atahitaji pia moyo wa subira. Daktari wa upasuaji huweza kuona matokeo ya kazi yake ndani ya siku chache. Mtoa tiba kwa vitendo anaweza kufanya kazi miezi sita ili kidole gumba kikutane na cha shahada. Atakutana na baba anayeuliza lini mtoto atapona, naye itampasa ajibu kwa ukweli bila kuua matumaini. Baadhi ya watoto hawatafika pale wazazi walipotamani. Kijana asiyeweza kuvumilia hayo asijilazimishe. Lakini anayependa kutazama kwa makini, anayeweza kugeuza gunzi la hindi kuwa kifaa, na anayefurahi mtu mwingine anaposema "nimeweza mwenyewe," huyo fani inamwita.

Tunapojenga, tukumbuke na mikono

Kwa miaka kadhaa jarida hili limechapisha picha za madarasa mapya yenye njia za mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu. Ni kazi njema, na tutaendelea kuitangaza. Hata hivyo, mwandishi wenu alitoka katika chumba kile cha tiba akijiuliza ni mara ngapi tumeandika kuhusu zege la mlangoni bila kuuliza mtoto atafanya nini akishaingia ndani. Njia ya mteremko humfikisha darasani. Ili akae, ale, ashike chaki na aombe ruhusa ya kwenda chooni, anahitaji mtu aliyesomea kumfundisha hayo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa darasa la awali kuwapeleka wazazi kliniki wanapoona mtoto anayehangaika, wala wasingoje mwisho wa muhula. Tunawaomba watendaji wa vijiji na vitongoji kuwatambua watoto walio nyuma ya milango iliyorudishiwa, na kuwaalika wazazi wao bila kuwaaibisha. Tunawaomba walimu wa sekondari kuitaja fani hii wanapowashauri wanafunzi wao. Na wewe kijana uliyesoma makala haya hadi hapa, fikiria kwamba huenda siku moja ukarudi katika halmashauri hii ukiwa na kikapu cha vizibo na magunzi, na mama fulani asingoje miaka minne ili aambiwe kwamba mwanawe anaweza kufundishwa.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini. Kwa ushauri zaidi, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe au ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii ya kata yako.